Sanduku la vitabu mchanganyiko kwa wasomaji wadadisi wa Kisumu, Kakamega na Nakuru

Msomaji wa Kanyakwar (Kisumu), mwanzilishi wa uzi

Wasomaji wenzangu, hamjambo.

Wengi wenu mnalikumbuka lile sanduku la bati, la aina ambayo wanafunzi wa bweni hubeba, tulilolijaza vitabu kumi na viwili mwaka jana likapita katika nyumba nane, kuanzia hapa Kisumu hadi Kakamega na hatimaye Nakuru. Lilirudi kwangu wiki mbili zilizopita. Nililifungua sebuleni, nikatoa kitabu kimoja baada ya kingine, na nilichokiona ndicho kilichonifanya nianzishe uzi huu: vitabu vitatu vya juu vilikuwa vimechakaa kwa kusomwa, pembe za kurasa zimekunjwa na kimoja kina doa la chai, ilhali tisa vilivyobaki vilikuwa safi kama siku tulipovinunua. Sababu naijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyeviteua. Vyote vilikuwa vya kufundisha namna ya kufanikiwa maishani, na aliyemaliza cha tatu hakuona kitu cha kumvuta kwenye cha nne.

Safari hii ninaomba tuchanganye, lakini tusichanganye ovyo. Ninapendekeza kila kitabu kimwachie msomaji swali, na kitabu kinachofuata sandukuni kiwe na jambo la kulijibu swali hilo, hata kama ni cha fani tofauti kabisa. Riwaya ituongoze kwenye mimea, mimea itupeleke kwa samaki, nao samaki watufikishe kwenye historia ya watu waliowavua.

Naanza na ziwa letu la Viktoria, kwa sababu ndilo tunalolitazama kila siku bila kulijua vizuri. Kitabu cha kwanza kiwe The Promised Land cha Grace Ogot, kilichochapishwa mwaka 1966. Ochola na mkewe Nyapol wanahama kutoka Seme, hapa hapa karibu, wanakwenda Tanganyika kutafuta ardhi yenye rutuba, na huko jirani ambaye ni mganga anamwonea Ochola wivu na kumroga mpaka miiba inamwota Ochola mwilini. Si riwaya ndefu, na anayependa kusoma ataimaliza kwa siku mbili. Akiifunga atabaki akijiuliza watu wa ng'ambo ile waliishi vipi kabla ya wageni kufika, walilima nini, walioana vipi na walitibiwa na nani.

Swali hilo lina jibu kubwa kuliko nilivyotarajia. Kule Ukerewe, kisiwa cha ziwa hili hili upande wa Tanzania, Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilipotolewa na mchapishaji wa Dar es Salaam mwaka 1980 ilikuwa imengoja miaka 35. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Nakiri kwamba jambo hilo hunihuzunisha kila ninapolishika buku la kwanza, kwa sababu kazi yenyewe imejaa subira: mume na mke wanaopendana hawapati mtoto, jamaa wa mke wanamrudisha kwao, mume anakwenda kumkomboa, na katikati ya kisa hicho mwandishi anasimama na kutuonyesha namna ya kupika pombe ya ndizi, kulima, kuvua, kuamkia wakwe na kumpokea mgeni. Wapo wanaolalamika kwamba maelezo ni mengi. Mimi ninawaomba wasikirukie kisa, kwa maana maelezo hayo ndiyo yaliyomfanya mzee yule aandike, akihofia kwamba vizazi vijavyo visingeyajua.

Katika riwaya hiyo mganga anamtibu Bugonoka kwa mitishamba, nasi tunabaki tukijiuliza mitishamba hiyo ni ipi. Hapo ndipo nitaweka kitabu ambacho hakuna aliyekitarajia: kamusi ya mimea ya Kijaluo na Kiingereza ya John Kokwaro, mtaalamu wa mimea, iliyotoka mwaka 1972. Si kwamba dawa zile za Ukerewe zimo humo, lakini inatufundisha kutazama mmea na kuuliza una jina gani na una kazi gani. Nilikaa nayo uani jioni moja. Mti ambao tangu utotoni niliuita ober kumbe ni Albizia coriaria, na ule wa siala unaochanua maua ya manjano, ambao majirani zangu kutoka Vihiga huuita lusiola, ni Markhamia lutea. Nilisimama chini ya mti huo nikiwa na kitabu mkononi, nikalinganisha jani na maelezo, na tangu siku hiyo siupiti tena kama mtu asiyeufahamu.

Cha nne ni kuhusu samaki. Tijs Goldschmidt, mtafiti Mholanzi, alikaa Mwanza akichunguza fulu, na kitabu chake kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1996 kwa jina la Darwin's Dreampond kinaeleza jinsi ziwa hili lilivyokuwa na mamia ya spishi za samaki hao wadogo, kila moja na mdomo wake na chakula chake: huyu anakwangua mwani kwenye mwamba, yule anavunja konokono, mwingine anakula magamba ya wenzake. Mbuta, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, na spishi nyingi za fulu zikatoweka kabla hata hazijapewa majina. Mama yangu husema kwamba alipokuwa msichana fulu waliokaushwa juani walikuwa mboga ya kawaida nyumbani kwao. Nilimsomea sura moja ya kitabu hicho, nikimtafsiria polepole, naye akanikatiza mara mbili kunieleza ladha yao. Pale ufukweni Dunga leo utapewa mbuta, ngege na omena bila shida, lakini fulu itabidi uwaulizie.

Nimefika vitabu vinne. Vinane vilivyobaki ninawaachia ninyi, kwa sharti moja: anayependekeza kitabu aeleze kinajibu swali gani na kinazua lipi.

Mwalimu Mstaafu (Mumias)

Salaam kwenu nyote. Nimeusoma uzi huu mara mbili, na ninampongeza mwanzilishi kwa utaratibu wake, ambao ni bora kuliko orodha nyingi ninazoziona zikitolewa bila sababu. Hata hivyo nina malalamiko, na ninayatoa kwa heshima. Sanduku hili limeanza kuelemea upande wa ziwa, kana kwamba sisi wa huku nyuma hatuna historia.

Mwaka 1967 vilichapishwa vitabu viwili vinavyopaswa kusafiri pamoja. Kimoja ni History of the Southern Luo cha Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem, aliyefariki Januari 2025. Kingine ni A History of the Abaluyia of Western Kenya cha Gideon Were. Wanahistoria hao wawili walifanya jambo ambalo wakati huo wasomi wengi wa Ulaya hawakuliamini: walikwenda kwa wazee, wakaandika masimulizi ya koo, wakahesabu vizazi ili wakadirie miaka, kisha wakalinganisha masimulizi ya ukoo mmoja na ya ukoo jirani. Msomaji akimaliza sura ya Ogot kuhusu kuhama na kutulia kwa Wajaluo, na afungue ya Were kuhusu kipindi hicho hicho. Atakuta makundi yale yale yakipakana, yakigombana, yakioana na hata kubadilishana lugha. Mimi ni Mluhya wa Wanga na mke wangu ni Mjaluo kutoka Alego, na nilipovisoma vitabu hivyo kwa pamoja niliona kwamba ndoa yetu haikuwa jambo geni kama wazazi wetu walivyodhani.

Swali vinalojibu ni lile ambalo Kitereza anatuachia: sisi watu wa pande hizi za ziwa tulitoka wapi? Swali vinalozua ni kwa nini mtu huacha kwao na kwenda asikokujua. Kwa hilo ninapendekeza Siku Njema ya Ken Walibora, mwana wa Bungoma, iliyotoka mwaka 1996. Kijana Kongowea anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake, na Kiswahili cha kitabu hicho ni kile ambacho niliwatakia wanafunzi wangu kwa miaka yote niliyofundisha. Ninaomba pia nafasi ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ambayo Mwalimu Nyerere aliichapisha mwaka 1969 akiwa Rais. Mtu mdadisi na ajionee jinsi Shakespeare alivyovikwa Kiswahili bila vina, jambo ambalo washairi wetu wa mapokeo lazima liliwashangaza.

Jirani wa Ziwa Nakuru (Section 58)

Mwalimu, shikamoo. Nami ninaongeza yangu kutoka huku Bonde la Ufa.

Sisi wa Nakuru tumekua tukiambiwa kwamba ziwa letu ni la heroe (flamingo), na wageni hulipa kuwaona, lakini waulize watu kumi mtaani heroe hao hutagia wapi. Nilipokuwa mtoto sikuwahi kuona kinda hata mmoja, na hakuna mtu mzima aliyeweza kunieleza sababu. Jibu nililipata nikiwa na zaidi ya miaka thelathini, katika kitabu kiitwacho The Mystery of the Flamingos cha Leslie Brown, kilichotoka mwaka 1959. Brown alikuwa ofisa wa kilimo hapa Kenya na mpenzi mkubwa wa ndege. Aliwatafuta kwa ndege ndogo akawakuta wakitaga katikati ya Ziwa Natron, Tanzania, kwenye matope ya magadi ambako mnyama mla nyama hawezi kufika kwa urahisi. Kisha akajaribu kuyafikia matagio kwa miguu. Matope yale yalimwunguza miguu vibaya, na nusura afe. Ninawaambia wasomaji wenzangu kwamba sura inayosimulia safari hiyo ya miguu ni miongoni mwa kurasa za kutisha zaidi nilizowahi kusoma, na mwandishi mwenyewe anaisimulia bila kujitukuza.

Kitabu hicho kitakaa vizuri baada ya kile cha fulu, kwa sababu vyote viwili vinaonyesha mtafiti anayekaa na kiumbe kimoja kwa miaka mingi.

Kuhusu watu wa mji wetu, ninapendekeza The In-Between World of Vikram Lall cha M. G. Vassanji, cha mwaka 2003. Kinaanzia Nakuru ya mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, katika familia ya Kihindi ambayo babu yao alikuja kujenga reli. Wengi wetu tunapita mbele ya maduka ya zamani ya Nakuru yenye majina ya Kihindi na miaka juu ya milango bila kuuliza familia hizo ziliona nini katika miaka ile. Ningependa pia tumweke Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, na kumbukumbu zake za mwaka 2011, lakini nafasi zikipungua nitatoa nakala yangu mwenyewe kwa atakayeniomba.

Mama Wawili (Lurambi, Kakamega)

Ndugu zangu, ninashukuru kwa mapendekezo, ila ninaomba tuwakumbuke wanaolipokea sanduku nyumbani. Kwangu sanduku hufunguliwa kwanza na binti zangu, mmoja yuko Gredi ya Nane na mwingine kidato cha tatu. Nimehesabu vitabu vilivyotajwa, na zaidi ya nusu ni vya Kiingereza, tena vingine vya kitaaluma. Ninaogopa tutarudi kule kule kwenye kurasa safi.

Ninaomba Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Kinahusu mauaji Unguja, na Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni, ndiye anayefumbua fumbo kwa kutazama mambo madogo ambayo wengine wameyadharau. Binti yangu mkubwa alikisoma usiku mmoja, na asubuhi alitaka kujua kama uchunguzi hufanywa hivyo kweli. Ninaona kwamba kitabu hicho kinafundisha ile ile kazi ya Ogot na Were na ya yule mtafiti wa samaki, yaani kukusanya dalili, kuzilinganisha na kutoamini jibu la kwanza.

Jambo la pili, sijaona ushairi. Ninapendekeza Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, ambayo aliitunga akiwa gerezani kati ya 1969 na 1972 na kuiandika kwenye karatasi za chooni. Ni beti za mtu aliyenyimwa karatasi na wino akashika arudhi barabara. Anayejiuliza kwa nini vina na mizani vina maana, shairi moja la humo litamjibu vizuri zaidi kuliko somo langu.

Mwisho, tafadhali vikaguliwe kabla ya kununuliwa. Mara ya mwisho kitabu kimoja kilitufikia kikiwa kimekatika katikati.

Msomaji wa Kanyakwar (Kisumu)

Mama, lawama hiyo ni ya haki, na ninaomba radhi. Nilikinunua kwa mchuuzi wa vitabu vya mitumba, nikatazama jalada, nikatazama ukurasa wa mwisho, nikalipa. Nyumbani niligundua kwamba kurasa 16 mfululizo hazimo. Baadaye fundi wa kujalidi alinieleza kwamba karatasi kubwa hukunjwa ikawa kifungu cha kurasa kama 16, vifungu hivyo hushonwa au kugundishwa pamoja, na kimoja kikirukwa kiwandani kitabu hutoka na pengo ambalo kwa nje halionekani. Tangu hapo ninapofika kwenye turubai la vitabu hupitisha kidole kwenye namba za kurasa tangu mwanzo hadi mwisho, hata mchuuzi akinuna. Huchukua dakika tatu kwa kitabu.

Sasa niwajibu kwa mpangilio. Ogot na Were wanaingia wote wawili, na ninamshukuru Mwalimu kwa kutukumbusha kwamba ziwa lina bara nyuma yake. Siku Njema, kitabu cha heroe, Vikram Lall, Bwana Msa na Sauti ya Dhiki vinaingia pia. Hivyo ni kumi na kimoja.

Kuhusu nafasi ya kumi na mbili ninatofautiana na Mwalimu. Mabepari wa Venisi ni kazi kubwa, lakini kwa msomaji wa nyumbani ambaye hajauona mchezo huo jukwaani, ninahofia atakwama katika tendo la kwanza. Badala yake ninapendekeza Wasifu wa Siti binti Saad, alioutunga Shaaban Robert na kuuchapisha mwaka 1958. Mama yake Kongowea katika Siku Njema alikuwa mwimbaji, na msomaji mdadisi atataka kujua mwanamke mwimbaji wa pwani aliishi vipi zamani. Siti alizaliwa Fumba katika familia ya wafinyanzi, akauza vyungu, akahamia mjini Unguja akaimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri zilizonunuliwa kote Afrika Mashariki. Wasifu huo ni mfupi, na Kiswahili chake ni cha kusomwa kwa sauti. Kwa namna hiyo binti zako, Mama, watapata vitabu vitano vya Kiswahili, pamoja na Kitereza ambaye majuzuu yake mawili ninayahesabu kuwa kitabu kimoja.

Wengine wameniuliza faraghani kwa nini sikutaja The River and the Source cha Margaret Ogola. Ninakipenda sana, na Akoko ni miongoni mwa wanawake walioandikwa kwa heshima kubwa katika fasihi yetu. Lakini kimewahi kutahiniwa katika shule za upili, na karibu kila nyumba kati ya zile nane ina nakala. Sanduku letu lina nafasi chache, nazo ni za vitabu ambavyo mtu asingekutana navyo peke yake.

Mwalimu Mstaafu (Mumias)

Nimekubali kuhusu Siti, ingawa Mabepari nitaendelea kuwatetea. Ninaomba neno moja tu kuhusu upatikanaji. Vitabu vya Ogot, Were na Kokwaro ni vya zamani, na madukani mtavikosa. Nina nakala yangu ya Were, yenye jalada lililoshikiliwa kwa gundi, nami nitaitoa iende na sanduku. Atakayeipokea asiikunje mgongo wala asiiweke juani. Kuhusu Ogot, jaribuni kwanza maktaba ya taifa hapo Kisumu, kisha wale wachuuzi wa soko la Kibuye siku ya Jumapili, kwa maana vitabu vya walimu waliofariki mara nyingi huishia pale vikiwa ndani ya magunia pamoja na nguo.

Msomaji wa Kanyakwar (Kisumu)

Nilikwenda Kibuye Jumapili kama Mwalimu alivyoelekeza. Ogot sikumpata, lakini katika gunia la tatu, chini ya vitabu vya hesabu vya shule za msingi, nilipata juzuu la pili la Kitereza. Lina jina la mtu kwa wino wa buluu kwenye ukurasa wa kwanza, na pembeni mwa kurasa nyingi mwenye nalo ameandika kwa penseli majina ya Kijaluo ya vyombo na vyakula vinavyotajwa, kana kwamba alikuwa akilinganisha Ukerewe na kwao. Nilihesabu kurasa zote. Zimo. Nimelinunua kwa shilingi 200, na sikuzifuta penseli zile, kwa sababu nataka kila atakayelipokea azione na, akipenda, aongeze za Kiluhya, Kikalenjin au Kikuyu kando yake.

La kwanza ninalo tayari. Ogot nitaazima kwa rafiki hadi tupate nakala yetu. Sanduku litaondoka Kisumu Jumamosi asubuhi kwa matatu ya Kakamega, likiwa limefungwa kwa kufuli na kamba. Kila nyumba ikae nalo wiki sita, na ndani nimeweka daftari ambamo msomaji ataandika swali alilobaki nalo baada ya kila kitabu. Mama, nitakupigia simu likiondoka stendi ili usipate usumbufu wa kungoja, na ufunguo nitautuma kwa bahasha kupitia kwa dereva.